Ingiza Mkono Kabla ya Nyundo

Kiatu kikiwekwa mbele yako, usikimbilie nyundo. Usianze na soli, wala kisigino, wala mshono uliofumuka. Ingiza mkono ndani kwanza. Peleka vidole mpaka kule mbele kabisa, upapase taratibu, juu na chini na pembeni. Najua mnacheka. Kiatu cha mtu kina jasho, na kingine kina harufu ya kukufukuza kibandani mwako mwenyewe. Ingiza hivyo hivyo. Mikono huoshwa. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na kuchelewa kwangu kulikuwa na mkono katika balaa la mtu mmoja niliyemheshimu sana.

Naitwa Kalisti, ingawa wengi wa mtaa wetu wa Mbugangari walinijua kwa jina la Fundi tu. Nimeshona viatu karibu miaka arobaini, mingi yake kwenye kibanda changu kando ya njia ya kwenda mpakani. Ninyi mnaojifunza ufundi huu mmenijia nyumbani mkitaka niwaeleze kazi. Mambo ya gundi na uzi mtafundishwa na wengine, tena gundi za siku hizi ni bora kuliko zetu. Mimi nitawaeleza habari za miguu.

Mji wetu unampenda fundi viatu. Haya mawe meusi ya volkano hayana huruma na soli. Mtu anayevuka mpaka kwenda Goma kila siku, kiatu chake kipya cha Jumatatu kinarudi Ijumaa kama kimetafunwa na mbuzi. Kwa hiyo sikukosa kazi hata siku moja, na wengi wa wateja wangu walikuwa kina mama wanaovusha mboga na maziwa.

Kazi yenyewe nilijifunzia Goma, kwa Papa Kasereka, mzee mfupi aliyekuwa akishona huku ameuma misumari mdomoni. Siku moja misumari mifupi iliniishia. Nikatumia mirefu, nikazikunja ncha kwa ndani, nikajisemea hakuna atakayejua. Kilikuwa kiatu cha mama mmoja mwenye mguu mkubwa kama wangu. Papa Kasereka akakipokea, akakigeuza, akanirudishia.

"Vaa."

"Papa, ni kiatu ya mwanamuke."

"Nimesema vaa. Wende mpaka soko, urudi."

Nikaenda sokoni mguu wa kulia ukiwa na kiatu cha mama chenye kisigino, mguu wa kushoto una kandambili, watoto wananifuata wanapiga vigelegele. Hatua ya kumi machozi yalinitoka, na si kwa sababu ya watoto. Niliporudi akaniambia, "Musumari haifichikake. Ukiacha ncha, mwenye kiatu atarudi mbele saa moja haijaisha, na atarudi na matusi. Akinyamaza, ujue kazi yako iko muzuri."

Nikaishika kanuni hiyo miaka na miaka: mteja asiporudi kulalamika, kazi ni safi. Ni kanuni nzuri. Ila ina tundu moja, na mimi nilitumbukia humo.

Mwalimu Ezekieli alikuwa mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma. Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, hata siku ya mvua. Nilimbadilishia soli. Hakurudi kulalamika. Zilipita kama wiki mbili, akaleta kiatu kimoja kilichofumuka ubavuni. Nilipokuwa nashona nikaona ncha ya msumari imechungulia kwa ndani, na pale ilipochungulia ngozi ilikuwa na doa jeusi, kavu. Nikadhani ni rangi ya viatu imepenya. Nikaona aibu. Fundi mzima kuacha ncha! Nikaugonga ule msumari ukalala, nikanyamaza.

"Tayari, Mwalimu."

"Ahsante, Kalisti. Kazi yako ni safi kama kawaida. Hakinibani wala hakinichomi popote."

Ningekuwa na akili, sentensi hiyo ingenishtua. Mimi niliifurahia.

Mwezi uliofuata mwanamke mmoja akasimama mbele ya kibanda changu na mfuko wa kitambaa. Nilimjua kwa sura: Madamu Beata, muuguzi wa kituo cha afya, mtu wa sauti ya chini. Akatoa kile kiatu cheusi, akakiweka juu ya meza yangu.

"Ni wewe ulitengeneza hii?"

Nilifikiria kukana. Nikasema ni mimi. Akaniambia kwamba Mwalimu yuko hospitali, kidonda cha chini ya mguu kimeoza, na asubuhi ile walikuwa wamemkata mguu chini ya goti. Nikaiweka nyundo chini. Nikamwuliza kama amekuja na polisi.

"Sikuja kukushitaki, Fundi. Ingekuwa hivyo ningetuma mutu." Akavuta benchi akakaa. "Mwalimu ana sukari, pengine ya miaka mingi, na hakuna siku alipima. Sukari ikikaa juu katika damu, inaua miguu pole pole. Haiumi, ndio ubaya wake. Mutu anakanyaga musumari, hajui. Kidonda kinaingia, hakiponi."

"Sasa mi nifanye nini, Madamu? Mi ni wa viatu tu."

"Ndio maana nimekuja. Kwa siku moja we unaona viatu ya watu wengi kuliko wagonjwa mi naona kwa juma. Tena kwangu wanakuja wakati wameisha kuumia. Kwako wanakuja wakiwa wazima."

Nimesikia maneno mengi katika maisha yangu, kanisani na kwenye mikutano. Hayo ndiyo yaliyonibadilishia kazi.

Nilikaa zaidi ya juma moja kabla ya kupata moyo wa kwenda kumwona Mwalimu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, blanketi magotini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mwalimu, ule msumari ulikuwa wangu. Niliuona nikanyamaza."

Akalivuta blanketi juu ya magoti.

"Msumari ni wako, Kalisti. Sukari ni yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa na kiu isiyoisha, nakwenda chooni kama mtoto, mke wangu ananiambia nenda ukapime. Namjibu, mtu asiyeumwa anafuata nini kwa daktari?" Akatikisa kichwa. "Wanafunzi wangu niliwapa mtihani kila muhula, nijue nani anabaki nyuma kabla hajapotea kabisa. Mwili wangu sikuupa hata mtihani mmoja."

Nilimshonea kiatu kimoja, cha mguu uliobaki, kipana mbele, laini ndani, kwa uzi na gundi bila msumari hata mmoja. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliyemtembelea aliulizwa kwanza, "Umepima?" ndipo aambiwe karibu.

Madamu Beata akawa anapita kwangu Alhamisi akitoka kazini. Anakaa kwenye benchi, ananifundisha. Sijapata kuona mwalimu mvumilivu kama yule. Alinionyesha kwamba soli ikilika upande mmoja tu, pale juu yake mara nyingi pana sugu, na sugu si ya kukatwa kwa wembe. Kwamba mwenye sukari ashonewe kiatu kipana, kisicho na mshono mnene kwa ndani. Kwamba soksi nyeupe ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu damu inaonekana. Kwamba kila jioni mtu ageuze mguu autazame chini, na asiyeweza kuinama atumie kioo, au amwombe mtu wa nyumbani. Na kwamba miguu haipashwi joto motoni.

Hilo la mwisho nililielewa siku alipokuja mzee mmoja wa Mudende, mkulima wa viazi. Mnajua kule juu baridi yake. Aliniletea buti ya plastiki iliyoyeyuka kisiginoni.

"Mzee, hii iliungua namna gani?"

"Nilikuwa naota moto ya makaa kwa mbabula."

"Na hukusikia?"

"Nilisikia arufu. Nikafikiri ni kiazi inaungua."

Tulicheka wote wawili, kisha mimi nikaacha kucheka. Nikamwomba avue. Kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai, naye alikuwa akilitembelea tangu jana yake. Nikafunga kibanda nikampeleka mimi mwenyewe kwa Madamu Beata. Walimkuta na sukari. Walimtibu, mguu ukapona, na kila mavuno akawa ananiletea viazi vya Mudende mpaka nikawa nagawia majirani.

Msidhani nilikuwa hodari siku zote. Baada ya huyo mzee nilivimba kichwa. Nikaanza kuona sukari kwa kila mtu. Kijana mmoja aliniletea raba zinazonuka ajabu, nikamwambia kwa uso wa huzuni, "We una sukari." Kijana akakaa chini barabarani. Saa moja baadaye mama yake alinijia na mwiko mkononi. Kumbe ni fangasi tu, alikuwa anavaa raba zilizolowa. Madamu Beata aliposikia hakucheka.

"Fundi, we si muganga. Usimutishe mutu, usimupe mutu dawa, usimwambie jina ya ugonjwa. We ona, uliza, tuma kwetu. Sisi ndio tutapima."

Nawapa na ninyi maneno hayo kama alivyonipa.

Akanifundisha jambo moja zaidi, jepesi hata mtoto analiweza. Mtu afumbe macho. Unamgusa ncha za vidole vya miguu kwa kidole chako, kidogo tu, bila kukandamiza, na yeye anasema kila anaposikia. Asiposikia, mtume akapime. Basi.

Sasa niwaambie habari za Mama Solange, maana yeye ndiye hasa ninayemkumbuka nikiulizwa kama kazi yangu ilikuwa na faida.

Mama Solange alikuwa anavusha karoti na kabichi kwenda Goma. Mwanamke mnene, wa sauti, anayebeba mzigo ambao wanaume wawili wangeanza kwanza kuujadili. Alikuwa kiongozi wa kina mama wenzake saba waliovuka pamoja naye kila asubuhi. Asiposema twende, hakuna aliyekwenda. Siku moja alikuwa amerudi kutoka Goma, akaniletea kiatu chake kilichokatika mkanda, akakaa benchini mguu peku kuningoja. Nikaingiza mkono. Kule mbele nikakuta jiwe. Jiwe jeusi la volkano, dogo kama harage, lenye makali. Lilikuwa limejichimbia shimo kwenye soli ya ndani.

"Mama Solange, hii jiwe iliingia lini?"

"Jiwe gani?"

Nikaliweka kiganjani mwake. Akaligeuza, akacheka. "Yebaba we! Nimefika Goma nayo nikarudi nayo? Basi mi niko na ngozi ya tembo."

"Ulipima sukari lini?"

"Mi? Sukari? Fundi, mi nabeba gunia. Mugonjwa anabebaka gunia? Funga ule mukanda, wenzangu wananingoja."

Nikamwambia nitafunga, ila kwanza afumbe macho. Nitagusa vidole vyake, na kila nikigusa aseme. Akaona ni mchezo. Akafumba, anatabasamu, mikono kifuani. Wale wenzake walikuwa wamesimama pale na mabeseni matupu, wanatazama. Nikagusa kidole gumba cha kulia. Kimya. Nikagusa kidole kidogo cha mwisho. Kimya. Nikahamia kushoto, gumba, cha kati, cha mwisho. Kimya.

"Anza basi, Fundi," akasema. "Tutachelewa."

"Nimekwisha maliza, Mama."

Akafumbua macho. Akawatazama wenzake, akitaka mmoja wao aseme kwamba fundi anadanganya. Kisha akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaishika yote miwili kwa mikono.

"Hii miguu ndio inalishaka watoto yangu," akasema polepole. Sikuwahi kumsikia akisema polepole.

Nikamgeuzia unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na jeraha changa, mbichi, pale jiwe lilipokuwa likisaga.

Alikuwa na sababu za kutokwenda. Foleni ya kituo cha afya ni ndefu, kabichi zitaoza, wateja wa Goma watahamia kwa mwingine. Alizitaja zote, tena kwa sauti yake ya kawaida. Alipomaliza, mmoja wa wenzake, mwanamke mkimya ambaye hata jina lake sikulijua, akasema, "Mama, kesho kabichi yako nitauza mi. We wende." Kesho yake akaenda.

Sukari ilikuwa juu sana, na tansiyo nayo, yaani shinikizo la damu. Alipewa dawa, kidonda kikaoshwa na kufungwa, akaambiwa asikikanyagie mpaka kifunge. Wiki kadhaa Mama Solange alikaa nyumbani, na nakuambieni, hiyo kwake ilikuwa adhabu kuliko jela. Lakini alikaa. Kidonda kilifunga. Mguu ukabaki.

Wengi wakishapona hawarudi tena kupima. Wanakunywa dawa mpaka ziishe, wanajisikia vizuri, wanasahau. Yeye hakukosa tarehe yake hata moja, hata zile siku mpaka wa Goma ulipofungwa na kila mtu ana hasira na njaa. Aliacha chai yake ya vijiko vitano. "Nilikuwa nakunywa sukari yenye iko na chai ndani," aliniambia. Bima yake ya afya, mituweli, aliilipa kabla ya kitu kingine chochote. Na kila asubuhi kabla ya kuvaa alivipindua viatu vyake na kuvigonga chini, kisha akaingiza mkono.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi na Madamu Beata hatukulifikiria. Ijumaa moja asubuhi alifika na wenzake wote saba, akawaamuru wakae benchini kwangu wawili wawili. Kila mmoja akaweka miguu mapajani mwa mwenzake, wakatazamana nyayo. Kabla ya kuvuka. Barabarani kabisa, watu wanapita. Vijana wa pikipiki walikufa kwa kicheko.

"Fundi, siku hizi unauza na miguu?"

Mama Solange akawajibu bila kugeuka, "Chekeni. Sisi tukifika miaka sabini tutakuwa tunatembea, na nyie mutaendesha hiyo pikipiki namna gani? Miguu ya kukanyaga breki itakuwa wapi?"

Ikawa kila Ijumaa. Madamu Beata alipoona hivyo akaja na mashine ya tansiyo, akawapima pale pale. Yule mama mkimya aliyeuza kabichi za mwenzake alikutwa na tansiyo ya kutisha, naye hakuwa amewahi kuumwa hata kichwa. Alianza dawa wiki ile ile. Mpaka leo anavuka. Na miezi michache baadaye mmoja wa wale vijana wa pikipiki alikuja wenzake wakiwa hawapo, akavua kiatu bila kusema neno, akafumba macho. Alisikia vidole vyote kumi. Sijaona mtu akifurahi vile. Nikamwambia hata hivyo akapime, akaenda.

Mimi nilisifiwa sana kwa mambo hayo. Watu walisema Fundi Kalisti ameokoa miguu. Nikawa naitikia kwa unyenyekevu wa uongo, yaani ule unaongoja usifiwe tena.

Mwaka wangu wa mwisho kibandani, siku moja ya Ijumaa, Mama Solange alikuwa anavaa viatu baada ya kukaguliwa. Akanikazia macho.

"Na we, Fundi? Walikupima mwaka gani?"

Nikaanza kumweleza habari za gundi mpya iliyoingia sokoni.

"Niliuliza mwaka. Sikuuliza gundi."

Ikabidi niseme kweli: sijawahi. Miaka yote hiyo nikituma watu, mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa hata tansiyo. Nilikuwa naogopa. Nimewaona waliokatwa, nimewashonea kiatu kimoja kimoja. Nilihofia kwamba nikipima nitakutwa na ugonjwa huo huo.

Hakunikemea. Angenikemea ningepata pa kujibia. Alisema tu, "Bon. Donc Jumanne unaenda kupima."

Jumanne nilikwenda, mapema, nimeoga kama mtu anayekwenda kufunga ndoa. Madamu Beata alikuwa amestaafu; nilipokelewa na muuguzi msichana, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Akanitoboa kidole, akanifunga kile kitambaa cha tansiyo mkononi, akanipumzisha, akanifunga tena. Akaandika. Nilijaribu kusoma uso wake, sikuweza, hao wanafundishwa.

"Sukari yako ni nzuri, mzee. Lakini tansiyo iko juu. Lazima uanze dawa, upunguze chumvi, na urudi tuitazame."

"Lakini binti yangu, mi sisikii kitu. Kichwa hakiumi, moyo haupigi vibaya."

"Ni vizuri umekuja kabla ya kusikia," akasema, akageukia kabati la dawa.

Nilitoka nje na vidonge vyangu. Juani kwenye benchi la wanaongoja alikuwa amekaa Mama Solange, beseni lake tupu liko chini kando ya miguu yake. Ilikuwa siku ya soko kubwa Goma. Saa ile kabichi zote nzuri zilikuwa zimekwisha kununuliwa na wengine.

"Leo huvuki, Mama?"

"Mupaka iko pale tu. Haiende mahali." Akasimama, akajitwika beseni kichwani. "Wamesema urudi lini?"

"Mwezi ujao, siku kama ya leo."

"Bon," akasema. "Nitahamisha tarehe yangu, tuwe tunakuja pamoja."